Panki na waimbaji-watunzi wa Uingereza

Panki ya Uingereza ni mtindo wa muziki wa roki ulioanza mjini London katika miaka ya 1975 na 1976. Nyimbo zake kwa kawaida ni fupi na za kasi, na hupigwa kwa gitaa la umeme, gitaa la besi na ngoma. Waimbaji-watunzi ni wanamuziki wanaotunga nyimbo zao na kuziimba wenyewe, mara nyingi wakiwa na gitaa au piano tu. Kwa mtazamo wa haraka mikondo hii miwili inaonekana kupingana, kwa kuwa mmoja una kelele na mwingine una utulivu. Hata hivyo, nchini Uingereza imefungamana sana, na wanamuziki wengi wameanzia upande mmoja wakahamia mwingine. Yote miwili hutanguliza maneno kuliko ustadi wa kupiga ala. Yote miwili pia hushikilia kwamba mtu wa kawaida anaweza kuimba juu ya maisha yake bila kusubiri ruhusa ya mtu.

Wasemaji wengi wa Kiswahili wanalijua neno panki kama mtindo wa kunyoa nywele pande zote mbili za kichwa na kuacha ukanda katikati. Jina hilo limetokana na wafuasi wa muziki huu, lakini mtindo wenyewe wa nywele ulienea kati yao miaka kadhaa baadaye. Wanamuziki wa mwaka 1976 wengi wao walikuwa na nywele fupi za kawaida zilizosimama ovyo.

Makala hii inaeleza chimbuko la muziki huo, uhusiano wake na rege na siasa, na namna ulivyozaa kizazi kipya cha waimbaji-watunzi. Mwishoni kuna orodha ya albamu zinazomfaa msikilizaji mpya.

Mazingira ya kuzaliwa

Katikati ya miaka ya 1970 Uingereza ilikuwa na hali ngumu ya uchumi. Bei zilipanda kwa kasi, watu wasio na kazi walizidi milioni moja, na mwaka 1976 serikali ililazimika kuomba mkopo kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa. Vijana wengi walimaliza shule bila kuona ajira mbele yao.

Wakati huohuo muziki wa roki ulikuwa umekuwa biashara kubwa. Bendi maarufu zilipiga katika viwanja vikubwa, zilitumia vyombo vya gharama, na baadhi ya nyimbo zao zilichukua upande mzima wa santuri. Kijana asiye na fedha wala mafunzo ya muziki hakuona nafasi yake humo. Panki ilikuja na jibu rahisi: mishiko mitatu ya vidole kwenye gitaa inatosha kuanzisha bendi. Mnamo Januari 1977 jarida dogo la mashabiki lililoitwa Sideburns lilichapisha mchoro unaoonyesha mishiko hiyo mitatu na kumhimiza msomaji aanze bendi yake. Majarida ya aina hii yaliandikwa na mashabiki wenyewe, yakarudufiwa kwa mashine na kuuzwa kwa bei ndogo kwenye maonyesho na madukani.

Bendi za kwanza

Sex Pistols walifanya onyesho lao la kwanza tarehe 6 Novemba 1975 katika chuo cha sanaa cha St Martin's mjini London. Bendi hiyo ilidumu kwa muda mfupi na kutoa albamu moja tu ya studio kabla ya kuvunjika mwezi Januari 1978, lakini athari yake ilikuwa kubwa, kwa sababu watu wengi walioiona walikwenda kuanzisha bendi zao.

Mnamo Aprili 1976 Sex Pistols walitangulia jukwaani kabla ya bendi ya 101ers, iliyoongozwa na Joe Strummer. Muda mfupi baadaye Strummer aliiacha bendi yake na kujiunga na The Clash. Tarehe 4 Juni mwaka huohuo Sex Pistols walipiga katika ukumbi mdogo mjini Manchester. Onyesho hilo liliandaliwa na Pete Shelley na Howard Devoto wa bendi ya Buzzcocks. Watazamaji walikuwa wachache, lakini kati yao walikuwamo vijana ambao baadaye waliunda Joy Division, pamoja na Morrissey, aliyekuja kuwa mwimbaji wa The Smiths.

Singo ya kwanza ya bendi ya panki ya Uingereza ilikuwa "New Rose" ya The Damned, iliyotoka Oktoba 1976. Nchi nzima ilianza kulijua jina la panki tarehe 1 Desemba mwaka huo, Sex Pistols walipotukana moja kwa moja hewani katika kipindi cha jioni cha televisheni kilichoendeshwa na Bill Grundy. Nafasi hiyo kwenye kipindi ilikuwa ya bendi ya Queen, ambayo mwimbaji wake Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar. Queen walijitoa, na Sex Pistols wakaitwa kuziba pengo. Kesho yake magazeti yalijaa habari zao.

Hatua iliyobadilisha zaidi namna ya kufanya kazi ilitoka Manchester. Mnamo Januari 1977 Buzzcocks walitoa "Spiral Scratch", santuri fupi ya nyimbo nne, kwa fedha zao wenyewe. Walikopa takriban pauni 500 kutoka kwa jamaa na marafiki, wakaanzisha lebo yao na kuagiza nakala 1,000. Nakala hizo ziliisha, na nyingine zikachapishwa. Tangu hapo bendi nyingi ziliona kwamba inawezekana kutoa santuri bila kampuni kubwa ya London.

Panki, rege na mapambano dhidi ya ubaguzi

Panki ya Uingereza haiwezi kueleweka bila rege. Klabu ya Roxy, iliyofunguliwa London mwishoni mwa mwaka 1976, ilikuwa ukumbi wa kwanza wa panki kupiga mara kwa mara. Mpiga santuri wake alikuwa Don Letts, kijana wa London mwenye wazazi kutoka Jamaika. Kwa kuwa wakati huo santuri za panki zilikuwa chache mno, Letts alijaza muda kati ya bendi kwa rege, na vijana Wazungu wakaizoea. The Clash waliweka wimbo wa rege wa Junior Murvin katika albamu yao ya kwanza ya mwaka 1977. Mwaka huohuo Bob Marley, aliyekuwa akiishi London kwa muda, alitoa wimbo "Punky Reggae Party" kuhusu urafiki wa mitindo hiyo miwili.

Urafiki huo ulikuwa na uzito wa kisiasa. Chama cha mrengo mkali wa kulia cha National Front kilikuwa kikijijenga kwa kuwachochea watu dhidi ya wahamiaji. Miongoni mwa waliolengwa walikuwa Waasia wa Afrika Mashariki. Baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972, zaidi ya 25,000 kati yao walipokewa Uingereza, na chama hicho kilitumia kuwasili kwao kutafuta wafuasi. Katika uchaguzi wa baraza la jiji la London wa mwaka 1977 kilipata zaidi ya kura 100,000.

Panki yenyewe haikuwa safi katika jambo hili. Baadhi ya wafuasi wake wa mwanzo walivaa alama ya Wanazi ili kuwashtua wazee, na wabaguzi walijaribu kuwavuta vijana hao upande wao. Mwezi Agosti 1976 mpiga gitaa maarufu Eric Clapton alitoa jukwaani mjini Birmingham matamshi ya kuwapinga wahamiaji. Kundi la mashabiki wa muziki lilijibu kwa barua katika magazeti, na humo ukazaliwa mwamko wa Rock Against Racism, uliopinga ubaguzi wa rangi kwa njia ya muziki. Kanuni yake ilikuwa kuziweka bendi za watu weusi na za Wazungu kwenye jukwaa moja.

Tarehe 30 Aprili 1978 makumi ya maelfu ya watu waliandamana kutoka Trafalgar Square hadi bustani ya Victoria mashariki mwa London. Huko walipiga The Clash, Tom Robinson Band, X-Ray Spex na bendi ya rege ya Steel Pulse. Katika uchaguzi mkuu wa mwaka uliofuata National Front haikupata kiti hata kimoja bungeni.

Mwimbaji wa X-Ray Spex alikuwa Poly Styrene, ambaye jina lake halisi ni Marianne Joan Elliott-Said. Baba yake alitoka Somalia na mama yake alikuwa Mwingereza. Aliwaona Sex Pistols katika mji wa pwani wa Hastings siku alipotimiza miaka 19, tarehe 3 Julai 1976, kisha akatangaza gazetini kuwa anatafuta wenzake wa kuunda bendi. Nyimbo zake zilizungumzia matangazo ya biashara, plastiki na shinikizo linalowekwa kwa wasichana kuhusu sura zao. Alikuwa mwanamke, kijana na mwenye asili mbili, na muziki wa roki wa wakati ule haukuwa na nafasi kwa mtu kama yeye. Alifariki mwaka 2011.

Kutoka bendi hadi mtu mmoja na gitaa

Uingereza ilikuwa na waimbaji-watunzi kabla ya panki. Wengi wao walikua katika klabu za nyimbo za kienyeji, ambako nyimbo za wakulima, mabaharia na wafanyakazi wa viwandani ziliimbwa na kutungwa upya. Ewan MacColl, mzaliwa wa Salford, alikuwa kiongozi mkubwa wa klabu hizo. Nick Drake, aliyefariki mwaka 1974 akiwa na miaka 26, alitoa albamu tatu ambazo ziliuzwa kidogo wakati wa uhai wake na kupata sifa kubwa baadaye.

Panki iliongeza kasi, hasira na matamshi ya mitaani. Kabla yake, waimbaji wengi wa Uingereza waliiga lafudhi ya Marekani. Ian Dury aliimba kwa lafudhi ya London na Essex, akasimulia habari za watu wa vitongoji vyake. Dury aliugua polio akiwa na miaka 7 na kubaki na ulemavu, na baadaye alishiriki katika kampeni ya UNICEF ya chanjo ya ugonjwa huo. Elvis Costello, ambaye jina lake halisi ni Declan MacManus, alikuwa bado ameajiriwa kama mwendeshaji kompyuta katika kampuni ya vipodozi alipokuwa akirekodi albamu yake ya kwanza. Paul Weller wa The Jam aliandika juu ya maisha ya mijini kwa jicho kali, na baada ya kuivunja bendi mwaka 1982 aliendelea kama mwanamuziki mwenye kazi nyingi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Billy Bragg. Alizaliwa tarehe 20 Desemba 1957 huko Barking, mashariki mwa London. Alipiga katika bendi ya panki iliyoitwa Riff Raff na alihudhuria tamasha la Victoria Park la mwaka 1978, ambalo amesema lilimfungua macho kisiasa. Bendi yake ilipovunjika alijiunga na jeshi mwaka 1981, lakini baada ya miezi mitatu alilipa pauni 175 ili aruhusiwe kuondoka. Kisha akaanza kupiga peke yake, kwa gitaa la umeme lenye sauti kali kama la bendi nzima.

Albamu yake ya kwanza, "Life's a Riot with Spy vs Spy", ilitoka mwaka 1983 ikiwa na nyimbo saba zisizofika dakika 16 kwa jumla. Jalada lake lilimwonya mnunuzi asilipe zaidi ya pauni 2.99. Mara moja Bragg alimsikia mtangazaji wa BBC John Peel akisema redioni kuwa ana hamu ya biriani ya uyoga. Akaipeleka biriani hadi kituoni, pamoja na santuri yake. Peel alicheza wimbo mmoja, ingawa kwa mwendo usio sahihi, na akaeleza kwamba angeucheza hata bila biriani.

Wakati wa mgomo wa wachimba makaa ya mawe wa miaka ya 1984 na 1985 Bragg alizunguka akifanya maonyesho ya kuwachangia wagomaji. Huko alikutana na waimbaji wazee wa nyimbo za kienyeji, na akaona kuwa walichokuwa wakiimba kilikuwa na msimamo mkali kuliko nyimbo zake. Kwa njia hiyo panki na mapokeo ya zamani vilikutana tena. Mwaka 1998, kwa mwaliko wa binti wa mwimbaji wa Marekani Woody Guthrie, Bragg na bendi ya Wilco walitoa albamu ya mashairi ambayo Guthrie aliyaacha bila muziki.

Kizazi kilichofuata kiliendeleza njia hiyo. Frank Turner, aliyezaliwa Bahrain mwaka 1981, aliimba katika bendi ya Million Dead hadi mwaka 2005, kisha akachukua gitaa lisilo la umeme na kuanza kuimba kwa jina lake. PJ Harvey wa Dorset ndiye msanii wa kwanza kushinda tuzo ya Mercury mara mbili, mwaka 2001 na 2011.

Albamu za kuanzia

Wasikilizaji wapya mara nyingi huambiwa waanze na Sex Pistols. Kihistoria ni sawa, lakini kwa sikio lisilozoea si njia nyepesi. Mpangilio ufuatao unaanza na nyimbo zenye melodia inayoshikika upesi, kisha unaelekea kwenye kazi zinazodai usikivu zaidi.

1. "Singles Going Steady" ya Buzzcocks (1979). Ni mkusanyo wa singo zao. Nyingi ni nyimbo fupi za mapenzi, na zinaonyesha kwamba panki si hasira peke yake.

2. "London Calling" ya The Clash (1979). Ina rege, ska, roki ya zamani na panki pamoja. Inamfaa sana anayeipenda rege tayari. Ni albamu ya santuri mbili, na bendi ilisisitiza iuzwe kwa bei ya moja.

3. "My Aim Is True" ya Elvis Costello (1977). Maneno yake yana ukali na werevu, na muziki wake uko karibu na roki ya miaka ya 1950.

4. "New Boots and Panties!!" ya Ian Dury (1977). Inafaa kwa kusikia masimulizi ya watu na lafudhi ya London juu ya midundo ya dansi.

5. "All Mod Cons" ya The Jam (1978). Hapa Weller anakomaa kama mtunzi wa visa vya mtaani.

6. "Life's a Riot with Spy vs Spy" ya Billy Bragg (1983). Ni daraja lenyewe kati ya mikondo miwili, na inasikilizwa yote kwa muda wa kunywa kikombe cha chai.

7. "Germfree Adolescents" ya X-Ray Spex (1978). Sauti ya Poly Styrene na saksafoni vinaitofautisha na panki nyingine yoyote.

8. "Never Mind the Bollocks" ya Sex Pistols (1977). Baada ya zile zilizotangulia, msikilizaji ataelewa kwa nini iliwatikisa watu.

9. "Pink Moon" ya Nick Drake (1972). Ni sauti na gitaa tu, isipokuwa piano kidogo katika wimbo mmoja. Ilirekodiwa kwa usiku mbili.

10. "Let England Shake" ya PJ Harvey (2011). Inazungumzia nchi na vita, hasa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Namna ya kusikiliza

Kwa msikilizaji wa Kiswahili kikwazo cha kwanza ni lugha. Waimbaji hutamka Kiingereza cha London, Manchester au Essex, ambacho hakifanani na kile cha darasani, na maneno hupita upesi. Ni vyema kusikiliza wimbo mara moja bila kujali maneno, kisha kuusikiliza tena huku ukisoma mashairi yake. Nyimbo za dakika mbili au tatu zinafaa sana kwa zoezi hili. Baadhi zina matusi, jambo ambalo mwalimu au mzazi anapaswa kulijua mapema.

Kikwazo cha pili ni majina na matukio. Nyimbo nyingi hutaja wanasiasa, mitaa na migomo ya wakati wake. Kuujua mwaka wa wimbo na kilichotokea mwaka huo husaidia kuliko kujua habari za bendi yenyewe.

Njia nzuri ya kuendelea ni kufuata watu badala ya mitindo. Kwa mfano, wimbo wa Bragg "A New England" uliimbwa upya na Kirsty MacColl, ambaye aliufikisha nafasi ya 7 kwenye chati za Uingereza mwaka 1985. Bragg alimwandikia beti ya ziada. Kirsty, aliyefariki mwaka 2000, alianzia katika bendi ya panki, na alikuwa binti wa Ewan MacColl. Mwaka 1987 aliimba wimbo maarufu wa Krismasi pamoja na The Pogues, bendi ya London iliyochanganya panki na nyimbo za kienyeji za Ireland. The Pogues nao walikuwa wamerekodi upya "Dirty Old Town", wimbo ambao Ewan MacColl aliuandika mwaka 1949 kuhusu Salford, na mtayarishaji wa albamu yenye wimbo huo alikuwa Elvis Costello. Msikilizaji aliyeanza na wimbo mmoja wa Bragg anaweza hivyo kufika kwenye wimbo ulioandikwa miaka 34 kabla ya albamu yake ya kwanza.